Chapa Sitini za Kimelea cha Malaria

Kwenye visima vya Elwak, katika Kaunti ya Mandera, mchungaji hana haja ya kuuliza ngamia huyu ni wa nani. Anamtazama shingoni au pajani, anaiona chapa iliyochomwa kwa chuma cha moto, na papo hapo anaujua ukoo wa mwenyewe. Mji umepewa jina na visima hivyo: "el" ni kisima, na "Wak" ni jina la Mungu lililotumiwa na Wasomali na Waborana tangu kabla ya Uislamu kufika. Wafugaji wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Somalia hunywesha mifugo yao huko, na bila chapa kusingekwisha ugomvi.

Kinga ya mwili dhidi ya malaria nayo husoma chapa. Kingamwili, yaani protini zinazozunguka katika damu zikimsaka adui, hazimjui adui huyo kwa umbo lake zima. Humtambua kwa sehemu ndogo iliyo juu ya ngozi yake, na kila aina ya kingamwili imeumbwa kushika sehemu moja tu. Kimelea kinachoua watu wengi zaidi barani Afrika, Plasmodium falciparum, hubeba takribani chapa 60 katika jeni zake. Hujipiga moja kwa wakati mmoja, na kabla kingamwili hazijamaliza kuisoma, baadhi ya vimelea huwa vimeshajipiga nyingine.

Kutokana na tabia hiyo linazuka swali linalowahusu sana watu wa Kaskazini Mashariki ya Kenya. Mtu mzima wa Kombewa karibu na Kisumu, au wa Kilifi pwani, anaweza kuwa na vimelea damuni na bado akaamka kwenda shambani. Mtu mzima wa Elwak au Wajir, mwenye afya na nguvu zilezile, akipata vimelea hivyohivyo anaweza kulala kitandani akipigania uhai wake. Tofauti yao haiko katika ukakamavu wa mwili. Mmoja ameshazisoma chapa nyingi tangu utotoni. Mwenzake hakupata nafasi hiyo.

Kwamba kingamwili ndizo zinazofanya kazi kubwa ya kukizuia kimelea kulithibitishwa zamani. Mwaka 1961 Sydney Cohen, Ian McGregor na mwenzao Carrington walichukua kingamwili kutoka katika damu ya watu wazima wa Gambia waliokwisha kuugua malaria mara nyingi, wakawadunga watoto waliokuwa wagonjwa. Katika siku chache vimelea vilipungua sana katika damu ya watoto hao. Miaka miwili baadaye ilichapishwa taarifa iliyostaajabisha zaidi: kingamwili za watu wa Afrika Magharibi ziliwasaidia pia watoto wa Afrika Mashariki. Maana yake ni kwamba vimelea vya pande mbili za bara, pamoja na tofauti zao zote, vina chapa vinazoshiriki. Jambo hilo litarudi mbele.

Ikiwa kingamwili zina uwezo huo, mbona mtoto wa Kilifi huugua leo, akapona, kisha akaugua tena miezi mitatu baadaye?

Jibu linaanzia ndani ya chembe nyekundu ya damu. Kimelea kikishaingia humo hujilisha na kukua kwa muda wa saa 48. Mwisho wake chembe hupasuka na kutoa vimelea wachanga zaidi ya kumi, kila mmoja akitafuta chembe yake. Chembe iliyobeba kimelea hupoteza ulaini wake, nayo ikipita katika wengu, yaani bandama, huchujwa na kuharibiwa. Ili kuukwepa wengu, kimelea hutengeneza protini iitwayo PfEMP1 na kuipeleka hadi nje ya chembe, juu ya vinundu vidogo. Protini hiyo hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, na chembe ikaganda hapo badala ya kuzunguka. Mishipa ya ubongo ikizibwa namna hiyo, mtoto hupoteza fahamu.

Lakini kunata kuna gharama yake. Kimelea kilichokuwa kimejificha ndani ya chembe sasa kimetoa mkono nje, na mkono huo unaonekana. Kingamwili zikiushika, chembe haiwezi kunata tena, na askari wengine wa mwili huimaliza. Kimelea hakiwezi kuacha kunata, na kikinata hakiwezi kujificha. Njia iliyobaki ni kuubadilisha mkono wenyewe.

Mwaka 1995 makundi matatu ya watafiti yalitangaza kwa pamoja kuwa yamezigundua jeni zinazotengeneza mikono hiyo, zikaitwa jeni za var. Mwaka 2002, jenomu nzima ya kimelea iliposomwa, zilihesabiwa jeni za var karibu 60 kati ya jeni zipatazo 5,300, zikiwa zimetawanyika katika kromosomu 14, nyingi zikiwa karibu na ncha. Kila kimelea hutumia moja na kuzifunga nyingine zote. Katika kila kizazi wachache hufunga ile iliyokuwa wazi na kufungua nyingine. Damu ya mgonjwa inaweza kuwa na mabilioni ya vimelea, kwa hiyo hata wachache hao ni wengi. Kingamwili zikifagia wenye chapa ya zamani, wenye chapa mpya hubaki, huzaana, na homa hurudi. Katika ugonjwa mmoja usiotibiwa, vimelea hupanda na kushuka kwa mawimbi kwa miezi.

Hiyo ni hatua ya kwanza ya ukwepaji, nayo hutokea ndani ya mtu mmoja kwa jeni ambazo kimelea tayari kinazo. Hatua ya pili ni kubwa zaidi: chapa 60 za kimelea kimoja si chapa 60 za kimelea kingine. Jeni za var hukatika na kuunganishwa upya zenyewe kwa zenyewe vimelea vinapogawanyika, hasa zile zilizo kwenye ncha za kromosomu. Hatua ya tatu iko tumboni mwa mbu. Mbu akinyonya damu yenye vimelea vya aina mbili, dume la aina moja hukutana na jike la aina nyingine, na watoto hurithi mchanganyiko. Ukanda wa Ziwa Victoria, ambako mtu mmoja huweza kubeba aina kadhaa kwa wakati mmoja, ni soko lisilofungwa la kubadilishana chapa.

Ushahidi uliowagusa wengi kuhusu namna mwili unavyosoma chapa hizo ulitoka Kilifi. Mwaka 1998 Peter Bull, Kevin Marsh na wenzao katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na shirika la Wellcome walichapisha kazi iliyotegemea kitu ambacho watafiti hukipata kwa nadra: damu ya watoto iliyochukuliwa kabla hawajaugua, na vimelea vilivyowaletea ugonjwa baadaye. Walizijaribu kingamwili za kila mtoto dhidi ya vimelea vya watoto wengi. Mtoto aliweza kuwa na kingamwili za kutambua vimelea vya mwenzake huyu na yule, lakini mara nyingi hakuwa na zile za kukitambua kimelea kilichomlaza yeye mwenyewe. Kimelea kilikuwa kimepita kwenye pengo. Alipopona, pengo hilo liliziba.

Kwa hiyo kinga ya malaria hujengwa kama ukuta wa mawe, jiwe moja kwa kila ugonjwa. Watoto wanaoishi penye malaria ya mwaka mzima huweka mawe kwa haraka na kwa gharama kubwa, kwani wengine hufariki kabla ukuta haujafika kiunoni. Isitoshe, kingamwili za watoto hupungua upesi baada ya kupona, na mengine ya mawe hayo huhitaji kuwekwa tena. Kilifi yenyewe imeonyesha kinachotokea mbu wanapopungua. Malaria ilipopungua sana huko katika miaka ya 2000, umri wa wastani wa watoto waliolazwa kwa malaria ulipanda, kwa sababu walikuwa wanakua bila kukutana na vimelea vingi.

Wengine watauliza: je, mtu hana budi kuzisoma chapa zote ndipo awe salama? Hapa wataalamu wamepishana. Hesabu zilizochapishwa mwaka 1999 zilipendekeza kwamba kinga dhidi ya malaria kali isiyogusa ubongo hupatikana baada ya maambukizi moja au mawili tu, kana kwamba chapa hatari zaidi ni chache. Mwaka 2014 ukaja utafiti wa Muheza, Tanzania, uliofuatilia watoto 882 tangu kuzaliwa. Ulionyesha kuwa baadhi yao walipata malaria kali baada ya kuugua malaria ya kawaida mara kadhaa, na wingi wa vimelea haukutosha kueleza nani atazidiwa. Ukweli unaoelekea kukubalika ni kwamba chapa zinazohusiana na malaria kali ni kundi lenye mipaka, hasa zile zinazonata kwenye ngozi ya ndani ya mishipa, lakini hata ndani ya kundi hilo zimo aina nyingi.

Mama mjamzito ndiye mfano ulio wazi kuliko yote. Mwanamke aliyekulia Kisumu huwa amejenga kinga, lakini mimba yake ya kwanza humrudisha kwenye hatari. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakitumia sampuli kutoka Kisumu, walieleza kwa nini: vimelea vinavyojaa kwenye kondo la nyuma hunata hapo kwa chapa ya pekee, na mwanamke ambaye hajawahi kuwa na kondo hajawahi kuiona. Kwenye mimba ya pili na ya tatu anakuwa ameshaizoea, na hatari hupungua.

Chanjo zimelipa gharama ya wingi huu wa chapa. Mwaka 2009 Bernhards Ogutu na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la Kombewa lililowahusisha watoto 400, la chanjo iliyotengenezwa kwa protini ya MSP1 ya aina moja ya kimelea. Miili ya watoto ilitengeneza kingamwili nyingi, lakini chanjo haikuwakinga. Mwaka 2011 matokeo ya Mali yalionyesha sababu mojawapo kwa tarakimu. Chanjo ya protini ya AMA1 ilizuia malaria kwa asilimia 17 tu ikihesabiwa dhidi ya vimelea vyote, lakini dhidi ya vimelea vyenye chapa iliyofanana na ya chanjo ilifika asilimia 64. Chanjo yenyewe ilifanya kazi. Iliyokosewa ni chapa.

Hata RTS,S, chanjo ya kwanza kupitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 baada ya kujaribiwa Kilifi, Kombewa, Siaya, Bagamoyo, Korogwe na kwingineko, haikuepuka tatizo hilo. Ilitengenezwa kwa chapa ya aina moja. Uchambuzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2015 uligundua kuwa katika mwaka wa kwanza chanjo iliwakinga watoto wenye umri wa miezi 5 hadi 17 kwa asilimia 50 dhidi ya vimelea vinavyofanana nayo, na asilimia 33 dhidi ya visivyofanana. Na visivyofanana ndivyo vilivyo vingi. Chanjo hii bado inaokoa maisha, na hakuna mzazi anayepaswa kuikataa kwa sababu ya hesabu hizi. Ila hesabu zinaeleza kwa nini haitoshi peke yake.

Hapa ndipo ile habari ya Gambia inaporudi. Ikiwa kingamwili za magharibi ziliwasaidia watoto wa mashariki, basi zipo sehemu za kimelea zisizobadilika au zinazobadilika kwa shida. Mojawapo ni RH5, protini ambayo bila hiyo kimelea hakiwezi kuingia katika chembe nyekundu ya damu. Ilitambuliwa kuwa mlango huo mwaka 2011, na tofauti zake kati ya kimelea na kimelea ni chache mno. Chanjo yake ilijaribiwa kwa usalama na Taasisi ya Afya Ifakara huko Bagamoyo, na mwaka 2024 matokeo kutoka Burkina Faso yalionyesha kinga ya asilimia 55 kwa watoto waliopewa dozi ya tatu kwa kuchelewesha. Faith Osier, mtaalamu Mkenya wa kinga ya mwili aliyefanya kazi Kilifi kwa miaka mingi, naye alionyesha mwaka 2008 kuwa watoto wenye kingamwili za protini nyingi kwa pamoja walikingwa zaidi kuliko wenye kingamwili za protini moja. Upana ndio ulioleta usalama.

Mwili wa binadamu nao haukukaa kimya. Mwaka 2016 watafiti walipochunguza damu ya watu wazima wa eneo la Kilifi walikuta kingamwili za ajabu. Ndani yake kulikuwa na kipande cha jeni nyingine kabisa, LAIR1, kilichohama kutoka kromosomu ya 19 na kujichomeka katikati ya jeni ya kingamwili iliyo kwenye kromosomu ya 14. Kingamwili hizo zilishika protini za kundi la RIFIN, ambazo kimelea kinazo aina zipatazo 150, na kila moja iliweza kutambua vimelea vingi vya aina tofauti. Mwili ulikuwa umeazima kifaa cha ukoo mwingine ili kuzisoma chapa nyingi kwa mara moja.

Sasa turudi Elwak. Katika mgawanyo wa Wizara ya Afya ya Kenya, Garissa, Wajir na Mandera zimo katika ukanda wa malaria ya msimu. Jua la jilaal, yaani kiangazi, linapokausha ardhi, mbu hutoweka. Mvua za gu au za deyr zikizidi, lagha, yaani mito ya msimu, hujaa, mabwawa hufurika, na duumo, kama Wasomali wanavyoiita malaria, huingia katika miili ambayo haijasoma chapa hata moja. Mzee na mjukuu wanakuwa darasa moja.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya El Niño ya 1997 na 1998. Mvua ilinyesha bila kukoma, barabara zikakatika, na mwanzoni mwa 1998 malaria ikawakumba watu wa rika zote Wajir, wakati uleule homa ya Bonde la Ufa ilipokuwa ikiteketeza mifugo na kuua watu Garissa. Taarifa za mlipuko huo zilichapishwa katika jarida la Lancet mwaka huohuo. Penye malaria ya kudumu, wanaokufa zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano. Penye malaria ya msimu, hakuna umri ulio salama, kwani hakuna aliyewahi kujenga ukuta. Vimelea wa maeneo kama haya kwa kawaida hawachanganyiki sana, wala hawahitaji chapa mpya mahali ambapo hata za zamani hazijulikani.

Kuna namna nyingine ambayo jeni za kimelea zinakwepa kingamwili, na hii inaugusa mpaka huu moja kwa moja. Kipimo cha haraka cha malaria, kile kikasha cheupe ambacho muuguzi hudondoshea tone la damu la kidoleni, ndani yake mna kingamwili zilizopangwa kwenye ukanda wa karatasi. Vingi hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2. Ikiwepo, mstari wa pili hujitokeza. Lakini wapo vimelea waliopoteza jeni ya protini hiyo. Waligunduliwa kwanza Peru mwaka 2010, kisha Eritrea, ambako katika hospitali ya Ghinda 21 kati ya wagonjwa 26 waliochunguzwa walikuwa na vimelea wasio na jeni hiyo. Ethiopia na Jibuti nazo zimewapata. Mgonjwa wa namna hiyo hupimwa, mstari mmoja hutokea, huambiwa hana malaria, naye hurudi nyumbani na vimelea vyake. Mandera, ambako dengi ililipuka mwaka 2011 na chikungunya mwaka 2016, ni rahisi kwa mhudumu kuamini kuwa homa hiyo ni ya kitu kingine.

Tena yupo mbu mgeni. Anopheles stephensi wa Asia aligunduliwa Jibuti mwaka 2012, mwaka ambao nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa 27 wa malaria. Mwaka 2020 walikuwa zaidi ya 73,000. Mwaka 2016 alipatikana Kebri Dehar katika jimbo la Wasomali la Ethiopia, na mwaka 2022 Marsabit, Kenya. Mbu huyu hahitaji bwawa wala kinamasi. Hutaga kwenye matangi, mapipa na mabirika ya kuhifadhia maji, vyombo ambavyo katika mji mkavu kila nyumba inavyo na haiwezi kuishi bila hivyo. Akikita mizizi, malaria haitasubiri tena mvua.

Chanjo ya malaria ilianza kutolewa Kenya Septemba 2019, ikapelekwa kwenye kaunti nane za magharibi penye maambukizi ya mwaka mzima. Ugawaji huo una hoja yake, kwa kuwa huko ndiko watoto wengi zaidi hufa. Lakini tafiti zilizotajwa hapa kuhusu chapa za vimelea nchini zilitegemea damu ya Kilifi, Kisumu na Kombewa. Kisayansi na kwa haki, Kaskazini Mashariki haistahili kuachwa nje ya ramani. Wizara ya Afya na KEMRI wakusanye vimelea kutoka Elwak, Wajir na Garissa kila panapotokea mlipuko, wasome jeni zake, na waangalie kama HRP2 ingalipo. Serikali za kaunti zihakikishe kila hospitali ya kaunti ndogo ina hadubini inayofanya kazi na mtu anayejua kuitumia, ili mgonjwa mwenye homa kali asirudishwe nyumbani kwa sababu ya kikasha kimoja. Dawa mseto na vyandarua vifike kabla ya mvua, wakati lori bado linaweza kupita. Na familia zifunike matangi na mapipa ya maji, na kumfikisha hospitali mapema mtu yeyote mwenye homa baada ya mvua, awe mtoto au mzee, kwani Elwak wote wawili wako katika hatari ileile.